Jembe Lililopanda Mlima

Safari yote ilitugharimu jogoo mmoja. Nimepiga hesabu mara mbili na bado ni jogoo mmoja, aliyetoka upande wetu na kuliwa na pande zote mbili. Nauza viatu vya mtumba hapa Kiuu, Ruiru, nabishania bei kutoka asubuhi mpaka jioni, lakini sijawahi kufanya biashara nzuri kama ile.

Enzi zetu tulikuwa tunaishi Makongeni, Thika, kwenye zile nyumba za mstari zinazogawana ukuta, bomba na habari. Wewe uliyekulia huko unajua Aprili ilivyokuwa inaingia. Joto linakaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga, halafu alasiri moja upepo unaleta harufu ya vumbi lililolowa kutoka upande wa Kilimambogo, na kabla hujaanua nguo, mvua imekunyeshea. Shule zimefungwa. Tulikata magome ya migomba, tukayakalia, tukateleza kwenye mteremko nyuma ya nyumba mpaka nguo zikaisha upande wa kukalia. Tukipelekwa kwa shangazi Ruiru, tulikuta kahawa imechanua baada ya mvua, shamba zima jeupe, harufu yake tamu mpaka unataka kuilamba. Shamba lile leo ni magorofa ya kupangisha. Maua yake ni nguo zilizoanikwa kwenye roshani.

Na kumbikumbi! Rafiki yangu Nekesa, ambaye wazazi wake walitoka Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani, ndiye aliyenifundisha. Unachimba kishimo kidogo kando ya kichuguu, unakaa hapo, unagonga debe polepole kwa vijiti, taratibu, kama matone. Kumbikumbi wanadhani ni mvua. Wanatoka wenyewe, wanaingia shimoni, unawazoa. Mama yake Nekesa aliwakaanga kwa chumvi. Mama yangu alikuwa na msimamo wake: "Sisi hatuli wadudu." Mimi nilikula, nikarudi nyumbani na bawa moja limekwama kwenye nywele, na mama akaliona kabla hata sijasalimia. Watoto wa siku hizi wanaagiza chakula kwa simu, kikichelewa wanalia. Sisi chakula chetu tulikidanganya kwa debe mpaka kikatoka ardhini.

Sasa mwaka huo, raha yote hiyo ilikatika kwa sababu ya jogoo.

Jogoo wetu alikuwa mwekundu, mwenye maringo ya mtu aliyelipiwa kodi. Siku moja aliruka ua, akaingia kwenye kijishamba cha Mama Nekesa nyuma ya jikoni, akafyeka kunde zote. Mama Nekesa hakupiga kelele. Alimkamata, akamfunga mguu kwa kamba, akatuma ujumbe: Mama Njoki aje aombe msamaha, achukue kuku wake. Njoki ni mimi. Mama naye akajibu kupitia ukuta, kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya mwisho: "Anirudishie njogoo kwanza, ndio niangalie kama kuna cha kuomba!"

Hapo ndipo biashara ilipokwama. Mmoja anataka msamaha kwanza, mwingine anataka mali kwanza. Wiki zikapita. Kila alfajiri tulimsikia jogoo wetu akiwika upande wa pili wa ukuta, na kila alfajiri mama alisema, "Msikieni. Mfungwa." Mimi na Nekesa tukakatazwa kucheza pamoja. Kumbikumbi walitoka, wakaruka, na debe langu limeegemea mlango. Nikimwona Nekesa bombani tulikuwa tunaangaliana tu, kama wanawake wawili waliovaa kitenge kimoja harusini. Nilikuwa nimeshajua kwamba bila mmoja wa wale kina mama kulegea, sitampata tena rafiki yangu.

Aliyelegea alikuwa Mama Nekesa. Jumamosi ya Pasaka, mama akiwa kwenye foleni ya maji, Mama Nekesa alimsogelea akamwambia, "Mama Njoki, Jumatatu asubuhi twende mlima."

Mama akasema sawa.

Msomaji wangu, hapa ndipo lazima nikueleze mambo ya ulimi. Mama yangu ni Mkikuyu wa kabisa. Kwake "l" na "r" ni mapacha, anawaita kwa jina lolote na wote wanaitika. Mlima ni mrima. Kulima ni kurima. Na "j" haitoki bila "n" mbele yake. Tena ilikuwa Aprili, udongo umelowa, kila mwenye akili yuko shambani. Nani angepanda mlima wakati wa kupanda mahindi? Mama alirudi na mtungi wake kichwani, akautua kwa kishindo.

"Haiya! Huyu mwanamke ana macho makavu! Amefunga njogoo wangu, sasa anataka nikamrimie!"

Nikamuuliza, "Hutaenda?"

"Nitaenda. Nitamrimia mpaka aone aibu."

Jumatatu ya Pasaka tuliamka mapema. Mama alivaa gamboti, vile viatu virefu vya mpira, na lile rinda la kupakia samadi. Mimi nikapewa panga, na githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Tulipokuwa tunatoka, mama alisimama mlangoni akasikiliza. Alfajiri ile jogoo hakuwika. Mama alifunga mlango. Aliweka jembe begani, tukaenda.

Mbele ya duka la mtaa lilikuwa limeegeshwa lori la kubeba mawe, limeoshwa, na ndani yake watu wa mtaa wamevaa nguo za Pasaka. Katikati yao Mama Nekesa, gauni la manjano, kofia yenye ua, viatu vya kisigino.

Alimwangalia mama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka gamboti. "Mama Njoki, na hiyo chembe ni ya nini?"

Kwao Bungoma, "j" nayo ina safari zake.

"Si ulisema twende kurima?"

"Mlima! Nilisema mlima!"

"Ndiyo. Kurima."

"Mlima, mayi! Ule wa juu! Kilimambogo!"

Lori lilicheka mpaka likatikisika. Dereva alishuka ili apate nafasi ya kucheka vizuri. Mama ana njembe, Mama Nekesa anaona chembe, na mtaa mzima hakuna aliyekuwa na jembe. Nilimwona mama akibadilika rangi. Aligeuka, akanishika mkono, tukaanza kurudi nyumbani. Nikajua yameisha. Baada ya aibu ile, ukuta ule usingesikia tena hata salamu.

Lakini kuna mtu mmoja hakucheka. Mama Nekesa alishuka kwenye lori na visigino vyake, akakanyaga matope, akatukimbilia. "Mama Njoki. Panda. Panda na chembe yako."

"Nipande nayo niende kurima mawe?"

"Basi iache."

"Niiache iibwe?"

Nyinyi ambao huwa mnaniuliza nilijifunza wapi kubishana bei, ni hapo. Waliendelea hivyo mpaka dereva akapiga honi, na mama akapanda lori, na jembe likapanda.

Langoni mwa mbuga askari alilitazama lile jembe akauliza, "Mama, unaenda kuwalimia nyati?" Mama akamwambia, "Ukinipa kibarua, nitarima." Alitupisha.

Vijana wangu wanaokuja kununua buti za mlima Jumamosi, nawapenda sana, lakini wacheni niseme. Mnalipa ili mchoke. Mnanunua vijiti viwili vya kutembelea, na porini mnapoenda kumejaa vijiti. Binti yangu alinielimisha: "Mum, hiyo inaitwa hiking." Sawa. Mama yangu alifanya hiking na gamboti na jembe, na kati ya wote waliopanda siku ile ni yeye peke yake hakuteleza.

Maana Mama Nekesa aliteleza. Njia ilikuwa imelowa, nyekundu, laini kama sabuni. Kisigino kikaenda kivyake, mwenyewe akaenda kivyake, akakaa kwenye tope na gauni lote la manjano, kofia imemfunika jicho moja. Mama alikuwa mbele yake kidogo. Alisimama, akarudi, akaligeuza jembe, akamnyooshea mpini.

"Shika."

Mama Nekesa aliuangalia ule mpini. Nekesa alikuwa upande wake, mimi upande wangu. Kisha akaushika kwa mikono miwili, na mama akamvuta. Kutoka hapo mpaka juu walipanda hivyo hivyo, mmoja ameshika chuma, mwingine ameshika mti, wakibishana kama njia ni ya kushoto au ya kulia. Mimi na Nekesa tulibeba vile viatu vya kisigino, kila mtu kimoja.

Kule juu upepo ulikuwa baridi, umeoshwa na mvua. Thika ilikuwa chini yetu, mashamba ya mananasi yamechanwa mistari kama nywele za mtoto anayeenda kanisani. Mawingu yalifunguka kidogo upande wa kaskazini, na hapo, mbali, tukaiona Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na weupe wake. Mama alivua kitambaa cha kichwa. Babu alikuwa akisali akielekea huko, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba unaweza kuuona huku umesimama na jirani. Mawingu yakafunga. Mama akajifunga kitambaa chake, akakaa, akasema, "Sasa. Njogoo wangu yuko wapi?"

Mama Nekesa akasukuma kikapu. "Yuko hapa."

Alifunua. Jogoo wetu, amekaushwa kwa moshi, amepikwa, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Mama Nekesa akapekua kwa vidole, akatoa firigisi, akaiweka kwenye kifuniko cha sufuria mbele ya mama. Baba Nekesa, aliyekuwa amekaa karibu, aliiangalia ile firigisi ikipita kama mtu anayeangalia gari lake la mwisho likiondoka.

Nekesa akaninong'oneza, "Hiyo kwetu hupewa baba tu. Au mgeni mkubwa sana. Mama mwenyewe hajawahi kuionja."

Nikamnong'onezea mama. Mama akaigeuza ile firigisi, akachukua panga kutoka kwangu, akaikata katikati, akamrudishia Mama Nekesa nusu. Wakatafuna wakitazamana.

"Kunde zako," mama akasema. "Pole."

"Chokoo wako," akasema Mama Nekesa. "Pole."

"Ni mgumu."

"Si ulimchelewesha."

Kulikuwa na kicheko hapo juu ambacho sijakisikia tena. Siku iliyofuata, debe langu lilikuwa kazini.

Leo Nekesa anaishi Ruiru karibu nami, na tunaonana kwa simu zaidi kuliko kwa macho. Mama yake alirudi Bungoma, lakini Pasaka hii anakuja. Mama yangu yuko Murera, kwenye kiploti chake cha mahindi, magoti yanamsumbua, na kuta za majirani zinamsogelea kila upande. Mvua imeanza. Jana alinipigia simu.

"Njoki. Mama Nekesa akifika, Jumatatu twende mrima."

Nikauliza, mama, mlima au kulima?

"Nimekwambia mrima! Husikii?"

Nikauliza tena.

"Mrima!" Na kabla hajakata: "Na usisahau njembe."

Ingekuwa jembe linamaliza kesi, nisingeandika haya. Lakini nyinyi mmeona jembe lilikofika. Nikimpeleka shambani na alitaka kuiona Kirinyaga mara nyingine, sijui kama magoti yale yatasubiri Aprili ijayo. Nikimpeleka mlimani na alitaka mahindi, mbegu zitaozea kwenye gunia na nitasikia habari hiyo mpaka Krismasi. Kumuuliza mara ya tatu siwezi. Ataona namcheka ulimi, na ulimi ule ndio uliotupandisha.

Basi nyinyi wa Makongeni, mliolelewa na kina mama kama hawa, nishaurini kabla ya Jumatatu. Viatu vya wazee wawili nimeshaweka kando, aina zote mbili, vizuri, visivyoteleza. Niwaletee gamboti, au buti za mlima?