Nani Anakula Joto la Bi Ketterer

Bi Roswitha Ketterer hakuiamini ile nyumba tangu siku aliyokabidhiwa funguo. Nyumba gani isiyo na jiko la kuni wala tangi la mafuta, eti inaota jua kwa madirisha ya kusini na kulitunza hilo joto mpaka kesho yake? Na bado majirani zake wa Freiburg, Ujerumani, walivaa mikono mifupi Januari, yeye yuko ndani ya sweta mbili na meno yanagongana.

Sasa joto lake linaliwa na nani? Macho yakamwangukia mzee Burkhart, waliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja. Mtu anaotesha nyanya dirishani wakati wa theluji! Akitega sikio ukutani, anasikia kitu kinavuma. Akimsalimia, mzee anakwepa macho. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema moyoni, akazidi kumpeleleza.

Mwenyewe hakuwa na la kulaumiwa. Kila asubuhi alifungua madirisha yote wazi hewa ipite, kama mama yake alivyomlea, iwe theluji au mvua. Kisha aliteremsha vifuniko vya nje vya madirisha ya kusini, jua lisije likababua sofa ya marehemu mumewe, Horst. Vilikaa chini hadi magharibi.

Kwenye mkutano wa wakazi, keki haijakatwa bado, akasimama na kusema mbele ya watu wote kwamba Burkhart anamwibia joto. Mzee akaiva uso.

"Bi Ketterer, nyumba yako ndiyo inayokunywa joto langu," akasema taratibu. "Jua umelifungia nje. Kinachovuma ni hita, nimeiweka kwenye ukuta wetu ili usigande. Sikukwambia, kwa sababu najua ile sofa ni ya Horst."

Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangemcheka, maana aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Asubuhi yake alipandisha vifuniko vyote. Jua likaimwagikia sofa, na kufikia jioni alikuwa amevua sweta zote mbili. Akaoka keki ya tufaha, akabisha kwa Burkhart. Taa ilikuwa inawaka na kivuli cha mzee kilipita nyuma ya nyanya dirishani, lakini mlango haukufunguliwa. Akarudi kwake, akatega sikio ukutani. Hita ilikuwa imezimwa.