Aliyeamriwa Kunywa Mwisho

Mwaka 1938, wakati wa kiangazi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, wazee wa kanisa letu kusini ya Tabora walimwamuru mama yangu awe wa mwisho kunywa katika Meza ya Bwana, ili mtu yeyote asiguse kikombe baada yake. Tarehe ninazozitaja sikuzipata kwa masimulizi. Nilianza shule nikiwa na miaka kumi na minne, nikibanana dawatini na watoto wa miaka saba, na nilipojua kusoma jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuomba daftari la baraza la wazee na kulisoma mwenyewe.

Kosa la mama lilikuwa Bibi Nyamizi. Hakuwa ndugu yetu. Katika usichana wake alikuwa ameifuata njia ya misafara hadi Ujiji, amebeba vyungu nyuma ya wapagazi wa pembe. Ukoma ulipomla vidole, jamaa zake walimjengea kibanda porini, wakawa wanamwachia chakula juu ya jiwe. Mama alimkuta huko siku aliyokwenda kutafuta asali. Jioni alirudi na mtungi wa asali kichwani, amemshika Bibi Nyamizi mkono.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka asali ile katika uji wa ulezi, na vipande vya nta tulivyovitafuna mchana kutwa. Vijana wa leo chingamu huichoka kabla ya kuvuka barabara. Bibi Nyamizi alikunywa uji huo kwa kibuyu kile kile tulichokinywea sisi. Mama alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi kila asubuhi, nami nikichana kanga kuukuu za kumfungia. Mchana tulicheza naye mdako. Alizidaka kokoto kwa mgongo wa mkono usio na vidole, akatushinda, kisha akatucheka bila huruma.

Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya mbali, kwa hiyo wazee walimjia mama peke yake. Mzee Lugendo, mkubwa wao, aliitikia shikamoo yake akiwa amesimama mbali na kizingiti.

"Mama Kalunde, chagua," alisema. "Kikombe cha Bwana, au kibuyu cha mgonjwa wako."

"Baba, mimi sijaona kama ni viwili," mama alijibu, akaendelea kupepeta mtama.

Walimtaka amrudishe yule bibi porini. Alikataa. Ndipo Jumapili, tarehe 7 Agosti, uamuzi ukasomwa mbele ya watu wote: Mama Kalunde atakunywa mwisho hadi atakapomwondoa mgonjwa nyumbani kwake. Bibi Nyamizi, ambaye alibatizwa kabla ya kuugua, aliendelea kusali uani mwa kanisa, nje ya dirisha. Mchungaji alinyamaza. Nilichukua miaka mingi kumsamehe ukimya ule.

Lakini wazee walikuwa wamesahau desturi yao wenyewe. Kwetu divai iliyobarikiwa haikumwagwa; iliyobaki aliimaliza mchungaji. Tarehe 4 Septemba mama alikunywa mwisho, kama alivyoamriwa. Mchungaji alikipokea kikombe, akakitazama, akamtazama Mzee Lugendo, kisha akakinywa chote. Kisimani wanawake waliulizana ni nani sasa atakayeketi karibu na mchungaji. Nilimwuliza mama kama alilijua jambo hilo tangu mwanzo. Alisema kazi yake ilikuwa kuwatii wazee.

Siku hizi kanisani kila mtu hupewa kikombe chake kidogo cha plastiki, safi, cha kutupwa. Wajukuu wangu huniambia kwamba wanawake wa zamani hawakuwa na sauti. Wao wenye sauti huwatumia wagonjwa wao salamu kwa simu. Nami najiuliza ni nani kati yao atakayenifunga kidonda.

Jumamosi, tarehe 1 Oktoba, baraza lilikutana. Mchungaji aliwaambia kwamba ikiwa mama ni hatari basi na yeye ni hatari. Wamtenge, kisha watafute wa kuwapa kikombe kesho yake. Jumapili, tarehe 2, Mzee Lugendo mwenyewe alisoma kwamba amri imefutwa, akamwita Mama Kalunde aje mbele pamoja na wengine.

Mama hakuondoka kwenye benchi. Alingoja hadi watu wote wakanywa na kurudi mahali pao. Kisha alitoka nje, akarudi amemshika mkono Bibi Nyamizi, wakapita katikati ya kanisa taratibu, maana miguu ya bibi ilikuwa mibovu.

"Kwetu tumezoea mwisho," mama alimwambia Mzee Lugendo. "Leo tuko wawili."

Bibi Nyamizi alikunywa. Mama alikunywa baada yake. Mchungaji akamaliza. Katika daftari, chini ya tarehe hiyo, karani ameandika maneno mawili: shauri limefungwa.