Wiki Tatu za Kuosha Gari

Harufu ya angara huingia nyumbani kabla ya mwenyewe kubisha hodi. Ni samaki wa Ziwa Albert wanaopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, na nilipokuwa msichana wa miaka kumi walikuwa wakipitishwa mjini kwetu Koboko kwa magunia kuelekea Kongo. Alasiri moja baba alirudi na gari dogo la rangi ya maziwa, lenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti, alilolinunua kwa mfanyabiashara wa Ariwara, upande wa Kongo, aliyekuwa akilitumia kubebea samaki hao. Lilikuwa bado barabarani tuliposikia harufu yake uani. Paka wa jirani walitangulia mbele yake kama wasindikizaji. Mzee Sebit, jirani yetu aliyekuwa hawezi kunyamaza, alisimama kwenye ua akaziba pua kwa kofia. "Rajabu," alimwita baba, "hii umenunua gari ama umenunua soko mzima?" Baba alicheka. Sikumbuki kumwona akiwa na furaha kama ile.

Alikuwa ameuza ng'ombe wake waliokuwa Lurujo kwa ajili ya dada yangu Zaitun. Zaitun alikuwa na miaka kumi na tisa na kifua chake kilikuwa kimeharibika. Alikohoa mpaka mbavu zikamuuma, na mikono yake ilikuwa imekuwa myembamba hivi kwamba bangili zilimtoka akinawa. Mganga wa zahanati alikuwa amemwambia baba ampeleke Kuluva, kwenye hospitali ya misheni iliyo kusini ya Arua, na asikawie. Tulijaribu mara moja kumpeleka kwa lori la mizigo. Vumbi na mashimo vilimfanya ateme damu, ikabidi ateremshwe njiani. Ndiyo maana baba alitafuta gari lenye kiti laini na madirisha yanayofungwa.

Lakini ili kufika Kuluva ilibidi kupita Arua, na Arua ndiko walikokuwa wakwe. Zaitun alikuwa amekwisha kuposwa. Kwa watu wetu, binti aliyeposwa hapiti mji wa wakwe zake kama mgeni. Ni lazima aingie, apige magoti, amsalimie mama mkwe, anywe chai yake. Tena afike akiwa amepakwa mafuta, na nguo zake zimefukizwa udi. Shangazi Khemisa, dada mkubwa wa baba, ambaye katika mambo kama hayo hakuna aliyempinga, aliingiza kichwa dirishani mwa gari akakitoa upesi. "Mtoto yetu hawezi fika kwa wakwe na harufu hii," alisema. "Watasema sisi tulileta yeye ndani ya gunia." Baba alitazama gari, akamtazama Zaitun aliyelala mkekani barazani. "Siku mbili," alisema. "Tunaosha siku mbili, halafu tunaenda." Zaitun akainua kichwa. "Baba, peleka mimi tu. Mimi hata sisikii tena harufu." Tulicheka sote, nami nikicheka zaidi ya wengine. Tulidhani anatania.

Siku hizo mbili zikawa wiki tatu, na sitaficha kwamba kwangu zilikuwa wiki tamu. Tuliondoa mikeka ya mpira tukaisugua kwa sabuni na majivu. Baba alifungua viti akavitoa nje, nasi watoto tukavikalia uani kama wakubwa wa serikali. Tulivipiga kwa fimbo mpaka vikatoa magamba ya samaki. Kisha mama akavimwagia maji ya moto yenye ndimu, na hilo ndilo lililotuchelewesha kupita yote, kwa maana sponji ilikunywa maji ikakataa kukauka. Ilikuwa majira ya mvua. Kila tulipoanika, wingu lilikuja, tukakimbia na viti vichwani huku tukipiga kelele. Siku ya nane viti vilinuka samaki na ukungu kwa pamoja. Mzee Sebit alishauri buni zilizokaangwa, tukazimwaga sakafuni. Mtu mwingine akasema mkaa hunyonya harufu, tukaweka vikapu viwili vya mkaa na kufunga milango. Shangazi alileta chetezo chake akafukiza udi humo kutwa nzima, tukaambiwa tusikaribie mpaka moshi utoke. Harufu ilipungua asubuhi. Jua lilipowaka juu ya bati, samaki wakarudi wakiwa wamejifukiza.

Zaitun alitutazama kutoka barazani. Wiki ya kwanza alikuwa akituelekeza kwa kidole mahali tuliposahau kusugua. Wiki ya pili alikuwa akitabasamu tu. Mimi nililala naye mkeka mmoja, na nilijua kwamba kanga yake ililowa jasho kila alfajiri, lakini nilimfikiria dada yangu kama anayengoja safari, si kama anayezidiwa. Siku moja alinishika mkono uliojaa povu. "Wewe mtoto, ambia Baba mimi nachoka kungoja." Nilikwenda kumwambia. Baba alikuwa chini ya dashibodi, miguu tu ikionekana nje. Alinijibu kwa sauti ya upole, "Mwambie karibu. Sitaki aone aibu." Nilirudi na jibu hilo nikijiona mjumbe mzuri.

Dawa ya harufu ilipatikana kwa bahati. Baba aling'oa zulia lililogundishwa sakafuni na chini yake akakuta tabaka la kitambaa kizito cha manyoya lililoloa maji ya chumvi ya samaki kwa miaka. Alilikata, akalichoma nyuma ya nyumba, akafuta bati kwa siki. Kesho yake gari halikuwa na harufu yoyote. Kazi iliyotushinda wiki tatu ilimalizwa kwa kisu katika muda wa kati ya adhuhuri na alasiri. Tulipiga vigelegele. Zaitun alibebwa mpaka kwenye kiti, kwa sababu hakuweza tena kutembea.

Nami nilikuwemo garini, kwa kuwa alitaka kichwa chake kilale mapajani mwangu. Arua tuliingia kwa wakwe. Hakuweza kupiga magoti; mama mkwe alipiga magoti yeye, pale kwenye mlango wa gari, akamkumbatia. Tulikunywa chai kama ilivyopasa. Halafu tukaenda Kuluva, na daktari alipomaliza kumsikiliza kifua alimwuliza baba, bila ukali wowote, "Mzee, mlikuwa wapi siku zote hizi?" Baba alifungua mdomo. Alikuwa mtu mkweli, aliyetufundisha kwamba Mungu husikia hata lile lisilotamkwa, na hakuweza kudanganya, wala hakuweza kusema: tulikuwa tunaosha gari.  Zaitun alifariki siku ya nne, baada ya swala ya alfajiri, nasi tukamrudisha Koboko katika gari lisilo na harufu.

Matangani mama mkwe alisikia sababu ya kuchelewa. Alimwendea shangazi Khemisa mbele ya wanawake wote. "Nani aliambia nyinyi mimi nangoja harufu nzuri?" alilia. "Mimi nilikuwa nangoja mtoto!"  Yeye na shangazi waliangukiana mabegani wakalia pamoja, na sijaona tangu siku ile watu wawili wakilia vile.

Nimesoma dini tangu utotoni na ninaamini kwamba siku ya kufa kwa mtu imeandikwa. Sijawahi kumlaumu baba, wala shangazi, maana waliyoyafanya waliyafanya kwa mapenzi. Namshukuru Mungu kwa miaka kumi na tisa aliyotuazima Zaitun. Lakini kuamini hakunizuii kuzihesabu zile siku ishirini na moja.

Leo barabara ya kwenda Arua ina lami, na vijana huosha magari kwa mashine na kuyapulizia manukato kabla ya chakula cha mchana. Mwaka jana mjukuu wangu wa miaka minne alishikwa na homa hapa Koboko, akatapika, akaanza kutetemeka. Mama yake akaweka maji jikoni ili amwogeshe kwanza, akatafuta gauni safi, kwani watu wa hospitali watatuonaje? Sijapata kumpigia kelele mkwe wangu ila siku ile. Nilimnyakua mtoto na matapishi yake, nikapanda boda ya kwanza iliyopita, na dereva alipogeuza uso kwa harufu nilimwambia atazame barabara. Tulipokewa. Alichomwa sindano, na jua halijazama alikuwa ameomba uji. Wauguzi walinikuta nje ya wodi nikilia, wakanipa pole, wakidhani mtoto amezidiwa. Sikuweza kuwaeleza. Nilikuwa nalia kwa sababu tulikuwa tumefika wachafu, na hakuna aliyetuuliza neno.