Mtani Aliyekataa Kutoka Kaburini

Nakumbuka siku tuliyomzika mama yetu, Anastazia. Kabla sijasema lolote niwataje waliokuwapo, maana karibu wote hawana tena mtu wa kuwataja. Nilikuwapo mimi Felista, mkubwa wa nyumba, kigoli wa miaka kumi na mitano. Walikuwapo wadogo zangu Tekla na Damiani, wameshikana mikono. Alikuwapo Katekista Gaspari, aliyetufundisha sala. Alikuwapo padri wa Kizungu, mgeni, aliyekuja kutoka misheni na Kiswahili chake bado kichanga. Na alikuwapo Mzee Kibwana, Mzigua wa Mkange, Mwislamu. Yeye alikuwa ndani ya kaburi, amelala chali, na hataki kutoka.

Usicheke kwanza, mwanangu. Nikueleze kwa nini alikuwa humo.

Babu yake mama aliletwa pwani akiwa mtoto, katika msafara wa watumwa. Mapadri walimkomboa, wakambatiza siku ya Pasaka, wakamwita Paskali. Alipokua walimpa shamba katika kijiji cha Wakristo. Akawa na jina, jembe na rozari, ila kabila hakuwa nalo. Alichokumbuka cha kwao ni wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto, na maneno yake hakuna aliyeyajua.

Sasa huku kwetu maiti haizikwi na wenye kulia peke yao. Watani ndio wachimbaji, ndio wenye kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mtu asiye na kabila atapata wapi mtani? Mke wa Paskali alipofariki, Paskali aliingia shimoni akachimba mwenyewe. Babu yake Kibwana alikuwa akipita njiani. Alimwona, akamnyang'anya jembe, akamwambia, "Wewe ulikuja na msafara. Basi wewe Mnyamwezi, na Mnyamwezi ni mtani wangu. Toka humo, mwizi wa mihogo!" Mama alisimulia kwamba Paskali alikaa kwenye udongo akalia sana. Tangu aletwe pwani alikuwa hajatukanwa kindugu.

Toka siku hiyo nyumba zetu mbili zimezikana.

Ndiyo maana Mzee Kibwana alikuwa kaburini mwa mama, anapiga kelele, "Anastazia! Ulininyima mchicha, leo nimekiwahi kitanda chako! Tuone utalala wapi! Leteni jogoo, la sivyo mzikeni kwenye mti!" Watu walicheka. Hata Tekla alicheka, na alikuwa hajala tangu jana yake.

Padri akafunga kitabu chake. "Hii nini?"

"Ni desturi, Baba," Gaspari alijibu. "Ni mtani wao."

"Hii dhihaka. Yeye toka, mimi sali. Yeye baki, mimi hapana sali."

Gaspari akanivuta pembeni. "Felista, baba yenu alishatangulia, na mama yenu ndiye huyo mkekani. Neno ni lako. Ukimwambia Kibwana atoke, atatoka."

Mwanangu, mama alisali rozari kila jioni ya maisha yake. Alipozidiwa alinishika mkono akaniambia, "Msiache nikazikwa bila padri." Ni maneno yake ya mwisho yenye kueleweka. Basi nilisogea ukingoni ili nimtoe mzee yule.

Alikuwa ameshasikia. Aliinuka akakaa, udongo umemjaa kichwani, sauti imeshuka. "Nitatoka, mwanangu, usiogope. Ila ujue, nikitoka kwa kufukuzwa, mama yako atazikwa kama mgeni. Babu yake alikuwa mgeni. Yeye je?"

Niliwatazama Tekla na Damiani. Kisha nikamgeukia padri. "Samahani, Baba. Abaki. Hatuna ndugu mwingine."

Padri hakugomba. Alikwenda mpaka ilipoegemezwa baiskeli yake, akavua kofia, akasimama ametupa mgongo. Kama alisali huko, sikumsikia.

Wakati ule sala za kaburini zilikuwa za Kilatini, na Gaspari hakuwa na ruhusa ya kuzisoma wala Kilatini chenyewe hakukijua. Alifumba macho akasema kwa Kiswahili, "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Sisi tukaitikia. Mzee Kibwana akampokea mama kwa mikono yake miwili, akamlaza taratibu, akamwambia, "Lala, mtani wangu. Jogoo nimekusamehe." Alipotoka alikuwa analia kuliko sisi.

Mwezi ule ule Gaspari aliondolewa ukatekista. Mimi niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Wapo walionong'ona kwamba roho ya mama inahangaika kwa sababu yangu, na mpaka leo, siku ya kuwaombea marehemu, namtolea mama nia ya Misa. Siku hizi sala zote ni za Kiswahili, na ngoma zinapigwa mpaka altareni. Ninyi mnadhani mambo haya yalishuka tu kutoka juu. Mimi kila ngoma inapolia namkumbuka Gaspari analima mihogo, hana tena wa kumfundisha.

Kibwana alipokufa, Damiani aliingia kaburini mwake akamtukana vizuri sana. Kisha Damiani naye akatutoka. Mwaka huu akafariki Athumani, mtoto wa Kibwana. Miguu yangu haifiki Mkange, nikakutuma wewe. Ulivaa vizuri, ukakaa kwenye kiti, ukasema pole, ukala, ukarudi. Jioni mjane wake alinipigia simu. Hakulaumu. Alisema tu, "Bi Felista, mume wangu amezikwa kimya."

Basi nisikilize. Ubatizo ulitupa jina, nami sitakufundisha kuliacha. Lakini waliotufanya kuwa watu wa hapa ni wale waliothubutu kututukana makaburini mwetu, na hawakutuuliza tunasali wapi. Wakifiwa, usiende kama mgeni. Nenda ukachafuke.

Mungu akupe miguu iliyoniishia, akupe na mdomo wa Damiani. Siku utakayozikwa wewe, asikosekane wa kukuchekea.

Arobaini ya Athumani haijafika. Deni lake bado tunalo. Ukifika Mkange usianze na pole. Simama mlangoni upaze sauti, uwaulize yuko wapi yule mwizi wa mihogo.