Uchafu wa Kupigia Picha

Wifi yangu wanamwita Mama Dawa, na wala hatibu mtu. Anaosha vyoo vya stendi, na harufu ya dawa ya choo imemganda mpaka kwenye nywele. Hata akivaa gauni jipya na kujipulizia manukato, watu wanajua nani kaingia kabla hawajageuza shingo.

Mimi nauza soksi. Kibanda changu kinatazamana na mlango wa vyoo hivyo, na kwa sababu hiyo nimeyaona mambo ambayo mtu mwenye staha hapaswi kuyaona. Nimeona mabwana wa tai wakitoka bila kumwaga maji, halafu wanakuja kushikashika soksi zangu kwa vidole vilevile. Nimeona mama mzima akimkinga mwanawe ajisaidie nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka mlangoni. Binadamu ananitia kinyaa, sifichi. Wifi hunicheka na kusema pua yangu ina kiburi, nikapewe kazi ya kuonja marashi.

Yeye huosha kwa mpango wake. Huanzia choo cha mwisho ndani kabisa, kisha anakuja akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ili asikanyage alipokwisha kusugua. Akitoka nje huanza kwa mgongo, ndoo mbele yake, na abiria wenye haraka humgonga na kumtukana. Yeye hukamua tambara lake, akawapisha.

Kaka yangu, mumewe, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wana mtoto mmoja tu, binti wa darasa la tano tuliyempachika jina la Kijino kwa sababu ya pengo lake la mbele. Mwaka huu shuleni kwao wakaanzisha skauti, na Kijino akaja nyumbani hana habari nyingine. Skafu, filimbi, mafundo ya kamba, kulala kwenye hema. Alilala na kamba ya viatu mkononi, anafunga na kufungua.

Kiongozi wao watoto humwita Kamanda. Ni mwanamume mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka unaweza kukatia kitunguu, na kitambi kinachotangulia kufika kila mahali. Alikwenda kwenye karakana ya kaka kuchomelewa mlingoti wa bendera, akamtazama anavyoshika chuma, akamwambia kwamba mtu mwenye mkono kama ule angekuwa ofisa mkubwa jeshini. Kaka akavikwa kilemba cha ukoka na kikamkaa vizuri. Tangu siku hiyo wimbo wake ulikuwa samaki mkunje angali mbichi, asubuhi na jioni, mpaka nikamuuliza kama yeye mwenyewe alikaushwa kabla ya kukunjwa.

Wifi hakukataa, hakukubali. Alikuwa na ndoto zake kwa yule mtoto. Alitaka atembee na watoto wa watu wengine, anyooshe mgongo, asije akazoea kupisha njia kila anapogongwa. Lakini alitaka kwanza aone wanafundishwa nini. Wakakubaliana na kaka kwamba Kijino aende kwanza kwenye kazi ya kujitolea ya Jumamosi, pamoja na wageni wengine wanaojaribu. Baada ya hapo wataamua kama avikwe skafu Jumapili, au basi. Mimi shangazi mtu niliombwa nifunge mdomo wangu, kwa kuwa unajulikana.

Ijumaa mtoto akaleta habari kwamba kazi yenyewe ni kusafisha vyoo vya stendi.

Wifi alishtuka. Mwanawe na wenzake wataingia mahali pake pa kazi, watazame kila kona. Wakikuta doa, mtoto atachekwa. Basi Jumamosi alitangulia stendi kabla hata mimi sijafungua kibanda, akasugua mpaka vigae vya zamani vikakumbuka rangi yao. Akaosha mlango. Akaosha kipini cha mlango. Msinishangae kwamba sikumzuia. Ndivyo tulivyo: mgeni akisema anakuja kutusaidia kufagia, tunafagia kwanza, asije akatuona wachafu.

Skauti wakafika kwa gwaride, mabrashi begani, na Kijino kwenye mstari wa nyuma, hana skafu lakini shingo ameinyoosha kuliko wote. Kamanda akamsogeza wifi kwa mkono, kama unavyosogeza kiti. Akamwambia akae pembeni asije akaingia kwenye picha. Wifi akaja kukaa kwenye benchi langu, amejikunja, anatabasamu. Alidhani atasifiwa.

Kamanda aliingia ndani na simu yake, akatoka na uso wa mtu aliyefunua sufuria akakuta limeoshwa. Akawauliza wasaidizi wake, na sisi tunasikia, kwamba hapo watapiga picha ya nini. Wafadhili wanataka picha mbili, ya kabla na ya baada. Ya kabla iko wapi?

Akaangaza macho huku na huku, yakatua kwenye mtaro ulio nyuma ya vyoo. Huo mtaro siwezi kuueleza mkanielewa bila kupoteza hamu ya kula. Maji yake ni mazito, yana ngozi juu. Akaagiza watoto wachote, wapake kutani na wamwage sakafuni. Akasema ni kwa ajili ya picha tu, watasafisha baadaye. Halafu akasema wanaojaribu ndio watangulie, maana skauti huanza na utii.

Kijino akapewa ndoo. Aliijaza mtaroni, akaibeba kwa mikono miwili, mwili umepinda upande. Mlangoni alisimama akatutazama. Mimi macho yalinitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilimtazama mama yake nione atafanya nini, na mama yake hakufanya kitu. Kamanda akapuliza filimbi. Mtoto akaingia, na tukasikia maji yakimwagika.

Nilisimama kwenda kumpasua yule bwana. Wifi akanishika gauni.

“Kaa, wifi,” akaniambia. “Nataka nione mpaka mwisho.”

Mwisho wenyewe ulikuwa huu. Kamanda alijirekodi amesimama mlangoni, leso puani, akisema hivi ndivyo walivyopakuta, na kwamba wanaolipwa kwa kazi hii wamelala usingizi. Kisha watoto wakashikishwa mabrashi, wakachekeshwa, wakapigwa picha. Kona moja ilisuguliwa, ile ya kwenye picha. Ikapulizwa filimbi nyingine, wakaondoka kwa gwaride lao, na glavu wakazitupa kwenye sinki la kunawia.

Tuliingia wawili. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsaidia, na nilitapika, nikamwongezea kazi. Harufu nimeizoea kwa miaka. Kilichonitapisha ni kuona alama za viganja vidogo ukutani, vya watoto waliofundishwa kupaka mavi mahali palipooshwa, kisha wakaimbishwa wimbo wa utumishi. Wifi alianzia choo cha mwisho, akaja akirudi kinyumenyume.

Jioni tulipofika kwao, kaka alikuwa ameshatumiwa picha. Alikuwa amekaa kibarazani anaikodolea macho simu, amejawa na fahari. Akamnyooshea mkewe ile ya kabla.

“Sasa mama, kweli unapaacha hivi?” akauliza. “Mpaka watoto waje kukusafishia? Umetuaibisha.”

Hapo mdomo wangu ulioombwa ufungwe ukafunguka. Nilimwaga yote, mtaro, ndoo, filimbi, leso puani. Nikamwambia samaki wake anakunjwa vizuri kabisa. Kaka akazima simu. Akajaribu kusema hizo ni picha tu, kila mtu anafanya hivyo siku hizi, na mtoto asikose nafasi kwa sababu ya ujinga wa mtu mmoja. Alisema huku anatazama chini, na mimi ndugu yangu wa tumbo moja alinichefua kuliko ule mtaro.

Wifi akamwita Kijino. Mtoto akaja amekwisha kuoga, nywele bado zina maji, akasimama mbele ya mama yake wima kama walivyomfundisha.

“Ulijua ni mimi nitakayeosha?”

“Nilijua, mama.”

“Ukamwaga.”

“Niliambiwa. Lakini nilimwaga kwenye kile cha mwisho, karibu na tundu la maji, ili uchafu uteremke wenyewe, usipate shida. Wenzangu walipaka ukutani. Mimi nilikataa ukutani.”

Uso wake uling'aa alipolisema hilo. Alikuwa amelitunza siku nzima amletee mama yake. Kaka akashusha pumzi, kama mtu aliyeondolewa mzigo, akanitazama kana kwamba ananiambia, unaona, mtoto ana akili. Nami, pamoja na kinyaa changu chote, nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsifu.

Wifi alimvuta, akamkalisha mapajani ingawa amekuwa mkubwa kwa hilo. Akamfuta maji ya shingoni kwa upande wa khanga yake.

“Huendi Jumapili,” akasema.

Mtoto akauliza kosa lake ni nini, ilhali yeye alimhurumia mama.

“Leo umetafuta pa kumwagia ili nisiumie,” mama yake akamjibu. “Ukizoea, hutatafuta.”

Kijino alilia, akamwambia mama yake anamchukia, akamwita baba yake amtetee. Kaka alibaki ameshika simu iliyozimika. Wifi hakumwachia mtoto, na yule mtoto, katikati ya kilio, aligeuza uso pembeni na kuziba pua.