Gobore la Devota na Tupa ya Bi Chiku

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai, Bi Chiku hufungua kabati la chuma, hutoa magobore ya watu moja moja, na kutumbukiza mdeki katika kila mtutu. Mdeki ni ule ufito wa kushindilia baruti, ila yeye huutumia kupimia. Ukizama mpaka kwenye alama yake, mtutu ni mtupu. Ukigoma kabla ya alama, kuna mtu kasahau baruti ndani. Magobore yenyewe alishayapima jana, na ufunguo wa kabati umelala chini ya mto wake. Hata hivyo hapimi kwa haraka.

Ijumaa moja Devota alimkuta katika kazi hiyo, kibandani kwake Pongwe. Alisimama mlangoni na gobore la marehemu baba yake begani, asijue aanzie wapi. Binamu yake Robert hakuwa na tatizo hilo.

"Shikamoo, Bi Chiku! Tumekuletea mgonjwa. Anapiga chini, tena kushoto. Sogeza tu hicho kilengeo cha mbele tuondoke zetu."

"Marahaba. Mgonjwa wa nani?"

"Wa huyu. Kesho Bwana Nyamapori anawapima walinzi wa mashamba kule machimboni. Risasi tatu, mbili ziingie kwenye debe. Akikosa, gobore linachukuliwa. Na nguruwe wameshakula nusu ya muhogo wake!"

Devota akaitikia kwa kichwa. Nusu iliyobaki ndiyo chakula chake na mama yake mpaka msimu ujao.

Bi Chiku akapima mtutu kwa mdeki. Mtupu. Akaivuta nyundo nyuma mpaka ikashika, akagongesha kitako sakafuni, kidogo tu, mtutu ukitazama juu. Ta! Nyundo ikaanguka yenyewe.

"Nani kapitisha tupa humu?"

"Mimi," Robert akasema kwa fahari. "Kifyatulio kilikuwa kigumu kama punda wa Ngamiani. Sasa ukikigusa tu, kishaitika."

"Na ukikohoa kinaitika. Na ukijikwaa kinaitika, aliye mbele yako ndiyo basi tena. Huyu hajamaliza kulenga, bunduki ishapiga. Kilengeo kimekosa nini?"

"Bi Chiku, vidole vya wanawake laini, nikaona nimsaidie..."

"Laini? Lete sikio lako nilifinye, tuone."

Devota akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka.

Bi Chiku alifungua vyuma, akachonga upya jino linaloishika nyundo, akalipasha moto mpaka likaiva, akalizamisha kwenye mafuta. Alipomaliza aligonga tena kitako, safari hii kwa nguvu, akagonga na ubavu. Nyundo haikutikisika. Sasa kidole kilitakiwa kuvuta kwa kukusudia.

Alasiri wakaenda machimboni kujaribu. Bi Chiku alimsimamisha Robert nyuma, akaziba masikio yake mwenyewe kwa pamba, akajifunika khanga juu yake. Devota akalenga, akavuta taratibu.

Vumbi likaruka chini ya debe. Chini, lakini katikati!

"Kushoto kumepona!" Robert akaruka kama mtoto.

Kilichobaki ni kilengeo, kile kipande cha shaba kwenye ncha ya mtutu. Kilikuwa kirefu mno. Bi Chiku alipima kwanza mtutu kwa mdeki, ndipo akapitisha tupa, mara moja tu, maana shaba ikishaliwa haioti tena. Devota akapiga. Risasi ikapanda, ikapita karibu na ukingo wa debe.

"Kata tena! Kata yote!" akapiga kelele Robert.

"Nikikata yote, tutakupachika wewe hapo mbele?"

Mdeki tena, tupa tena, mguso mmoja. Paa! Debe likalia, mwangwi ukajibu kutoka ukuta wa mawe. Bi Chiku akaitia tupa kibwebweni. "Hapo hapo. Asikiguse mtu."

Jumamosi machimbo yalijaa watu. Risasi ya kwanza ya Devota ilitoboa debe, watu wakashangilia. Ya pili alifumba macho, ikapotelea maweni. Akashusha gobore, akapumua. Akashindilia ya tatu, akalenga, akavuta kama alivyovuta jana.

Debe likaruka, likaanguka chali!

Vigelegele! Bwana Nyamapori akatikisa kichwa huku akitabasamu, akamrudishia Devota kibali chake cha gobore. Robert akalinyanyua debe juu kama kombe. "Na fundi apige moja!" watu wakaitana. "Apige! Apige!" Bi Chiku akapunga mkono, akarudi nyuma ya watu huku akicheka.

Njiani kurudi, Devota alibeba gobore begani na miguu yake ilikuwa haikanyagi chini. Tangu jana hakuwa amemuuliza Bi Chiku neno. Sasa likamtoka.

"Bi Chiku, magobore yote ya huku yanapita mikononi mwako. Mbona mwenyewe hupigi?"

Bi Chiku akachomoa pamba sikioni.

"Naogopa mlio," akasema.