Nati ya Nne

Usiku ule wa kuamkia Jumamosi nililala mapema, tena nimejaa majivuno kifua kizima. Asubuhi yake nilikuwa niruke kutoka kwenye ndege na parachuti nililoliunga kwa mikono yangu mwenyewe, tangu mkoba mtupu hadi kamba ya mwisho. Miaka mitatu nilikuwa nikiruka na maparachuti yaliyoungwa na wengine. Hili lingekuwa langu, na likinigomea angani nisingekuwa na wa kumlaumu. La akiba lipo mgongoni, ndiyo, lakini hakuna apandaye ndege akiomba alitumie.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mwalimu Faraji, mfungaji maparachuti wa jeshini, aliyestaafu akaja kwenye kiwanja chetu kidogo cha ndege kule kwenye mashamba ya mkonge. Alifariki masika iliyopita. Jamani, mzee yule alipenda salamu! Ukimwamkia ataulizia watoto, jirani, mbuzi, mpaka paka wa nyumbani, na wewe umesimama juani unatota jasho.

Basi usingizini nikamwona. Tuko bandani, banda letu la kufungia maparachuti, mchana kweupe, mlango wazi wote. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ndefu, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Nilijua amekufa, wala sikuogopa. Nilifurahi tu, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Kimya. Hata macho hakuinua. Mbele yake lilikuwa limelala parachuti langu, na kamba zake zimekusanyika mafungu manne, kila fungu limeshikwa kwenye mkanda wa begani kwa pingu ndogo ya chuma yenye nati. Nikaamkia tena, kwa sauti zaidi. Kimya vilevile. Moyo ukaniuma. Mtu aliyekuwa akisalimia hata kuku leo ananinyima marahaba, mimi, mwanafunzi wake!

Akachukua spana, akanipa. Nakaza nati ya kwanza. Nakaza ya pili. Mara banda limekuwa ua wa nyumbani kwetu, meza ipo palepale baina ya jiko na kamba ya nguo, na jirani anaingia. "Hujambo, Mwana? Habari za kwenu?" Naweka spana chini, namjibu vizuri kama nilivyolelewa. Nikigeuka, Mwalimu amekwisha fungua nati zote. Naanza tena. Anaingia mwingine, na nyuma yake mwingine, foleni ya watu imetoka mpaka barabarani, wote wana salamu, wote nawajibu, na kila nikigeuka nati zimefunguliwa.

Sasa tuko ndani ya ndege. Injini inanguruma, mlango uko wazi, upepo unapiga, nasi bado tuko mezani, meza imeingiaje humo sijui. Hasira zikanipanda.

"Mwalimu, unanichelewesha bwana! Watu wanaruka!"

Ndipo aliponitazama. Macho yake hayakuwa na ukali hata kidogo.

"Uliachia wapi?" akaniuliza.

Nikafungua kinywa nimjibu. Natazama nati ya tatu, natazama ya nne, zote zimefunga, zote zinafanana, na mimi sijui ipi niliigusa kwa spana na ipi kwa vidole.

"Asiyejua alipoachia," akasema, "arudi mwanzo."

Nikarudi. Nyuma yangu wanaita, Mwana, we Mwana, hujambo Mwana, nami najifanya kiziwi, meno nimeyauma. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne nayo ikakaza, nikaihisi inagoma mkononi. Hapo Mwalimu akatabasamu mpaka pengo lake likaonekana.

"Marahaba, mwanangu. Watoto wazima? Mbuzi je, alizaa?"

Akageuka, akatoka kwenye mlango wa ndege kwa hatua za taratibu, kama mtu anayetoka barazani kwake. Nikakimbilia mlangoni nimjibu kuwa mbuzi alizaa pacha. Sikumwona. Niliamka huku kinywa kiko wazi, adhana ya alfajiri inasomwa, na lile swali liko kichwani zima: uliachia wapi?

Nikaketi kitandani nikaikumbuka Ijumaa. Nilikuwa naunga, spana mkononi, Mama akafika na chakula. "Hodi! Mwana, hujambo? Umekula lakini?" Mama hapendi hii kazi ya kuruka, anaiita kazi ya kujitafutia kaburi, na kwa vile alikuja mwenyewe kwa miguu yake nilifurahi mno. Nikaacha spana, nikamwamkia, tukala chapati na maharage. Kisha nikarudi mezani nikaendelea. Kutoka wapi? Wallahi sikujua. Nikamkumbuka na Mwalimu alivyokuwa akishika kamba anakuwa bubu, hata mkuu wa kiwanja akipita hamwitikii, nasi tukimcheka kuwa uzee umemziba masikio. Haya ilinishika peke yangu kitandani.

Saa moja nilikuwa bandani. Fundi mkuu, ambaye ndiye anayetupasisha, akanikuta nimemwaga kila kitu mezani.

"Unafanya nini? Si nimekagua jana?"

"Umekagua kwa macho, fundi. Nati iliyokazwa na isiyokazwa kwa macho ni moja."

"Umeshaanza woga wewe."

"Na iwe woga," nikamjibu. Kwa kweli nilimjibu vibaya.

Nikashika ya kwanza kwa vidole: imegoma. Ya pili imegoma. Ya tatu imegoma. Ya nne ikazunguka. Vidole viwili tu, ikazunguka laini, kama kifuniko cha chupa ya maji. Fundi mkuu akaiona. Woga alionisema ukamhamia yeye, akavuta kiti akakaa. Mimi nikaegemea meza. Fungu zima la kamba lilikuwa limening'inia kwenye nati ile, nami ningening'inia chini yake.

Sikuikaza ile moja nikaondoka. Nililegeza zote nne, nikaanza mwanzo. Nimefika ya tatu, nikasikia mlangoni:

"Hodi! Mwana, hujambo?"

Mama. Amekuja kuniaga, kanga mbili mabegani, kikapu mkononi. Sikuitika.

"Mwana, nasema nawe!"

Ee Mola wangu. Kumnyamazia mama aliyekuzaa, mbele ya watu, asubuhi ambayo huenda ni ya mwisho! Mgongo wote ulinichoma. Nilimsikia akimwambia fundi mkuu, "Mwanangu ana kiburi siku hizi," na sauti yake ilikuwa na machozi. Nikakaza ya tatu. Nikahamia ya nne, nikaikaza mpaka spana ikakataa. Nikapitisha kamba zote mkononi, moja moja, kutoka kwenye pingu hadi kwenye kitambaa, nisikute iliyojisokota. Ndipo nikaweka spana chini, nikaenda nikapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, Mama. Nisamehe."

Hakuitika, na alikuwa na haki. Nikamwongoza mpaka mezani, nikalegeza nati ya nne, nikamshikisha kwa vidole vyake akaizungusha. Nikamweleza ilivyokuwa tangu jana alipofika. Mama akaizungusha tena, taratibu.

"Kumbe salamu yangu ingekuua," akasema.

"Si salamu yako, Mama. Ni mimi niliyeendelea bila kujua nilikoachia."

"Basi anza mwanzo," akasema, akavuta kiti. "Mimi naketi hapa, na atakayekuja kukusemesha tutajuana naye."

Nikalegeza zote nne kwa mara nyingine, nikaunga, nikafunga. Watu wawili walikuja na salamu zao, Mama akawafukuza kwa kikapu. Fundi mkuu alikagua tena, safari hii kwa spana, nati moja baada ya nyingine, kisha akatia sahihi.

Saa tano nilitoka kwenye mlango wa ndege. Niliihesabu miaka mitatu yote katika zile sekunde za kuanguka. Nikavuta. Nikasikia kitambaa kikijaza upepo, mikanda ikanikamata mabegani, nikainua macho: parachuti limefunguka lote, mraba mzima, mafungu manne yamenyooka. Nililia na kucheka kwa pamoja. Nikapiga kelele, "Langu! Nimeliunga mimi!" na mkonge wote chini ukanisikia.

Mama alikuwa ameapa kwamba akija ataangalia ardhi tu mpaka nishuke. Lakini nikiwa bado juu, watu chini wadogo kama punje za mtama, nikasikia vigelegele. Kimoja, kirefu, kisha vingine juu yake. Nikatazama, nikaona kanga inapungwa katikati ya kiwanja, na mwenye kanga kichwa amekiinua, anazunguka akiwaonyesha watu juu, anawaambia mmoja mmoja, kama nilivyosimuliwa baadaye, "Yule! Yule pale ni wangu!"